Rapa Anapoingia Kwenye Filamu: Mambo ya Kurekebisha Kabla ya Kamera Kuwaka

Rapa anayeingia kwenye uigizaji haji mikono mitupu. Pumzi anayo, na aliyezoea kuchana beti tatu bila karatasi hatishwi na kurasa mbili za mazungumzo. Kinachomwangusha ni mazoea. Jukwaani unasema na umati mzima. Kwenye sini, yaani tukio moja la filamu, unasema na mtu mmoja aliyesimama hatua mbili mbele yako, na mhusika wako hajui atajibiwa nini. Makosa mengi ya rapa mgeni yanaanzia hapo.

Anza na mdundo. Ubeti wa mistari 16 kwenye biti ya mapigo 90 kwa dakika huchukua sekunde 43 hivi, kila silabi ikiwa mahali pake. Mwili ukishazoea mwendo huo, hata skripti unaipanga kwa mapigo bila kujijua. Chukua mstari kama huu: "Pesa nilikupa jana, sasa unataka nini tena?" Mdomo wa rapa utaipiga "jana" na "tena" kwa uzito uleule, kwa sababu sikio limeshavisikia vina. Lakini mtu aliyechoka kuombwa pesa huenda akaiminya "nilikupa", au akasita baada ya "sasa" kwa kuwa ameona machozi ya mwenzake. Mtazamaji hatajua kasoro iko wapi, ila atahisi anasomewa kitu kilichokaririwa.

Dawa ni kujifunza maneno yakiwa makavu. Siku 3 za kwanza yaseme bila hisia yoyote, kama mtu anayesoma orodha ya bidhaa, mikono ikiwa na kazi nyingine: kuosha vyombo, kukunja nguo. Siku ya 4 yaseme haraka sana, kisha polepole sana, kisha kwa kunong'ona. Ukikwama kila unapobadili kasi, ulichokariri ni wimbo. Rudi mwanzo. Halafu chukua penseli. Alama za kuvuta pumzi ulizoziweka mwisho wa mistari zifute, na uweke mpya pale mhusika anapobadili wazo, hata kama ni katikati ya sentensi.

Usaili wa video

Siku hizi usaili wa kwanza mara nyingi ni video unayojirekodi mwenyewe. Ukipewa maelekezo, yafuate yote hata kama hukubaliani nayo. Usipopewa, simu ilale mlalo kwenye stendi, lenzi iwe usawa wa macho, na picha ianzie kifuani hadi juu kidogo ya kichwa. Nyuma yako uwe ukuta mtupu wa kijivu au bluu iliyopoa. Mabango ya albamu zako yakae mbali. Taa mbili, kila moja nyuzi 45 upande wake, zinatosha, au dirisha moja kubwa mbele yako. Kofia na miwani nyeusi vua, maana anayechagua waigizaji anatafuta macho.

Anayekusomea maneno ya mhusika wa pili asimame ubavuni mwa lenzi, karibu kabisa, na asome kwa sauti ya chini kuliko yako kwa kuwa yuko karibu na maiki. Mtazame yeye. Video za muziki zimekuzoesha kuikodolea lenzi, na kwenye filamu mtupo mmoja wa jicho kwenye lenzi kwa kawaida unaiua teki nzima, yaani rekodi moja ya sini. Jina, urefu na nafasi unayoomba vitaje kwenye kipande cha peke yake. Hapo ndipo unaitazama lenzi. Tuma teki 2 zinazotofautiana kweli. Tano zinazofanana zinaonyesha tu kwamba hukuweza kuchagua.

Kwenye seti

Ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, lakini siku ya kazi inaweza kufika saa 12. Mara nyingi sini hupigwa kwanza kwa picha pana, kisha inarudiwa kwa picha za karibu, uso mmoja baada ya mwingine. Rapa, aliyezoea kulipuka mara taa zinapowaka, humwaga kila kitu kwenye picha pana. Uso wake unapofikiwa saa tatu baadaye, machozi yameisha na sauti imekwaruza. Kwenye picha pana cheza kwa ukweli, ila nguvu kubwa iweke akiba.

Kumbuka pia mikono. Ukiinua kikombe kwa mkono wa kulia kwenye neno "jana", kiinue hivyohivyo kila teki, la sivyo mhariri hataweza kuziunganisha picha.

Sauti ndiyo inayowashangaza wengi. Kwenye video ya muziki unafuatisha midomo juu ya wimbo uliokwisha rekodiwa. Kwenye filamu maiki imebanwa ndani ya shati lako, na mkufu unaogonga kifungo unasikika kuliko maneno. Tabia ya kuchombeza, ile "eeh" na "yaani" juu ya mistari ya mwenzako, iache kabisa: sauti mbili zikipandana, hakuna pa kukata.

Nafasi ya kwanza

Kumwigiza rapa ni mlango mzuri mara moja. Mara ya tatu ni gereza. Mfululizo wa televisheni unafundisha kuliko filamu moja kubwa, kwa sababu unarudi kazini kila wiki. Will Smith alianza mwaka 1990 kwenye mfululizo wa televisheni, akiigiza kijana aliyebeba jina lake mwenyewe. Queen Latifah alikuwa kwenye vichekesho vya televisheni kuanzia 1993 hadi 1998, kabla ya filamu ya 2002 iliyompeleka kwenye uteuzi wa Oscar. Ice-T anaigiza polisi yuleyule tangu 2000. Ice Cube alichukua njia ngumu zaidi: filamu ya vichekesho iliyotoka 1995 aliiandika mwenyewe pamoja na mtayarishaji wa muziki DJ Pooh, akajitengenezea nafasi yake.

Mikataba

Kabla ya kusaini filamu, soma tena mkataba wa lebo, yaani kampuni inayotoa muziki wako. Baadhi huchukua asilimia ya mapato yako yote, uigizaji ukiwemo, na nyingine zinakukataza kurekodi sauti ya kuimba kwa ajili ya mtu mwingine bila idhini ya maandishi. Filamu ikitaka wimbo wako, udai mkataba wa pekee, unaotenganisha haki ya rekodi na haki ya utunzi.

Ratiba ya ziara izingatie tarehe za kurudia picha, ambazo huja wiki au miezi baada ya kazi kuonekana imekwisha. Mpaka mwongozaji aseme zimekamilika, usinyoe ndevu wala usibadili nywele. Na usikubali shoo usiku wa kuamkia siku ya sini yenye maneno mengi, kwa sababu sauti iliyopasuka jukwaani usiku haiwi imepona asubuhi.