Hojaji ya maumivu ya misuli na mifupa: jinsi ya kuipima ukishaitafsiri

Hojaji ya Nordic (ya nchi za kaskazini mwa Ulaya) ilichapishwa 1987. Inauliza juu ya sehemu 9 za mwili, kuanzia shingoni hadi nyayoni: umeumwa katika miezi 12 iliyopita? Ulishindwa na kazi zako? Na siku 7 zilizopita je? Kuitafsiri kwa Kiswahili si mzigo. Mzigo ni kujua kama tafsiri yako inanasa maumivu yale yale.

Hatua ya 1. Tafuta kibali cha kamati ya maadili na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya, mapema, kabla hujamgusa mhojiwa.

Hatua ya 2. Watu wawili watafsiri, kila mmoja kivyake; mmoja wa afya, mwengine asiyejua lolote la tiba. Oanisheni. Kisha wawili wengine, ambao hawajaiona ya Kiingereza, wairudishe Kiingereza. Ikirudi sawasawa usishangilie. Neno letu "shida", tuliloliweka kwa "trouble" ya Kiingereza, lilirudi salama salimini, na ndilo lililotuangusha.

Hatua ya 3. Kaa na watu 30 hadi 40. Baada ya kila swali, mwambie mtu akueleze alivyolielewa. Hapa usiharakishe. Sokoni Kongowea, Mombasa, nilimwamkia mzee mmoja msukuma mkokoteni, nikamwuliza kama mgongo umempa shida mwaka huu.

"Shida sina, mwanangu."

Mkono u kiunoni wakati wote. Nikamwuliza, kwani hapo pana nini?

"Hapa? Paniuma kila siku. Lakini kazi nafanya."

Kwake shida ni ile inayomlaza kitandani. Tukaliondoa neno, tukaandika "kuuma, kuwanga au kufa ganzi". Na "mwaka huu" wengi walihesabu kuanzia Januari, kwa hivyo ikawa "tangu mwezi kama huu mwaka jana".

Kiuno nacho kina mambo yake. Kwa mgongo wa chini ndilo neno la watu, lakini baadhi ya akina mama walijibu wakifikiria hedhi, tukaongeza "mbali na maumivu ya mwezini". Kiwiko ndiyo vurugu kabisa: huyu agusa kisugudi, pale mkono unapokunjika katikati, yule agusa kifundo cha mkono. Hojaji ya asili ina mchoro wa mwili. Uchapishe mkubwa, mtu aonyeshe kwa kidole kwanza.

Hatua ya 4. Waulize tena watu wale wale, angalau 50, baada ya wiki moja au mbili. Maswali ya siku 7 yatabadilika kwa haki, maana wiki yenyewe imebadilika. Ya miezi 12 ndiyo ya kuyatazama. Asilimia ya majibu yaliyofanana haitoshi. Wakijibu "la" 90% mara zote mbili, bahati peke yake yakupa ulinganifu wa 82%. Tumia kapa (kappa), kipimo cha ulinganifu kinachoiondoa bahati hiyo. Alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi maswali yanavyokwenda pamoja, iache: goti na shingo havipimi kitu kimoja.

Hatua ya 5. Mtaalamu wa fiziotherapia awachunguze bila kuona majibu yao. Mfano: akikuta 50 wenye maumivu ya kiuno, na 44 kati yao walijibu "ndiyo", hojaji imenasa 88%. Wahesabu pia wasio na maumivu waliojibu "la".

Ukibadilisha neno hata moja baada ya hapo, rudi hatua ya 3.