Jinsi ya kupanga mtaa wenu kabla vijana hawajakatana mapanga (kwa wakaazi wa Mombasa)

Watu wa Likoni wanipigia tena wataka niwaelezee vile tulivyojipanga huku Kisauni kuzuia makundi ya vijana wenye mapanga, na kwa vile kila mara narudia yale yale mpaka chaji yaisha, wacha niandike mara moja mtu asome. Hii si ya wenye ofisi na magari. Ni ya wale ambao magharibi ikiingia mwaanza kupigiana simu kuulizana watoto wako wapi.

Hatua ya 1: Chagua eneo dogo

Usianze na Kisauni yote. Kaunti ina wadi 30 na hata wadi moja ni kubwa mno. Chukua pale ambapo ukitembea kwa mguu kutoka msikitini hadi stegi ya boda watu wakuitikia salamu kwa jina. Zunguka baada ya alasiri, angalia maskani (vijiwe vya vijana) ziko wapi, taa gani ya barabarani imekufa, kichochoro gani watoto wa shule wakikwepa.

Hatua ya 2: Tafuta watu wanane wa kamati, si themanini

Mzee wa mtaa au wa Nyumba Kumi, imamu, pasta (wote wawili hata kama mtaa ni wa upande mmoja), mwenyekiti wa boda au tuktuk, mwalimu mmoja, kina mama wawili, na kijana aliyekuwa kwa hayo makundi akatoka. Huyu wa mwisho ndo watu humuogopa, wamwambia "tutakuita baadaye" halafu hawamwiti, sasa mwabaki wazee watupu mwazungumza kuhusu vijana ambao hata hamjui saa hii wamegombana na nani.

Kwa kina mama, usichukue yule ambaye ni mwenyekiti wa kila kitu. Chukua anayeuza mbaazi na mahamri pale kona. Saa moja asubuhi huyo ashajua nani hakulala kwao, nani kaja na kidonda amekifunga kwa leso, na nani ana pesa ambazo jana hakuwa nazo, na hakuuliza mtu, wateja wamemletea wenyewe wakisubiri mahamri yaive.

Diwani ajulishwe kwa heshima lakini asipewe kiti, manake siku mbili tu mtavalishwa tishati na wale vijana wa upande wa mpinzani wake hawatawasikiza tena.

Hatua ya 3: Chifu na OCS (mkuu wa kituo cha polisi)

Andikeni barua, nendeni wawili watatu. Mkutano wa hadhara wataka OCS ajulishwe kwa maandishi, isiwe chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla. Nakala yenu ipigwe muhuri. Basi.

Hatua ya 4: Mkubaliane nini kitafika polisi na nini hakitafika

Hapa ndo kamati nyingi huvunjika, na hapa ndo tulikesha tukibishana, kwa hivyo soma polepole.

Kitu cha kwanza mtakachoambiwa na kila mtu ni "leteni majina." Chifu ataka majina, afisa ataka majina, jirani aliyeibiwa simu ataka majina, na hata nyinyi wenyewe mtaona ni jambo la maana muwe na orodha. Msiwe nayo. Si kwa daftari, si kwa simu, na hasa si kwa grupu ya WhatsApp. Kuna mtaa mmoja, siutaji, mtu alituma orodha kwa grupu ya kamati, mwengine akapiga skrinshoti, kabla ya isha wale vijana walishaiona na majina mawili yalikuwa ya watoto ambao kosa lao ni kukaa tu pale maskani na binamu zao. Kamati ilikufa siku hiyo. Na mwajua vizuri pwani hii historia yetu, vijana waliochukuliwa wasionekane tena, mama akaenda kituo hiki ahamie kile. Mama akihisi kuzungumza na nyinyi kwaweza kumpotezea mwanawe, hatazungumza, na bila yeye hamna kitu.

Sasa haimaanishi mfiche uhalifu. Sisi tuligawa hivi:

Kinachofika polisi pale pale, bila mjadala: mtu amekatwa, kundi limeonekana na mapanga latembea, kuna bunduki, kuna mtoto amebakwa au kulawitiwa. Piga 999 au 112, halafu piga OCS mwenyewe, namba yake muwe nayo kabla hamjaihitaji.

Kinachobaki kwa kamati: ugomvi uliosikika, kijana aliyeanza kulala nje, maskani mbili zilizoanza kutukanana.

Katikati pana yale magumu. Kwa mfano kijana amefanya kosa kweli na mamake ataka ajisalimishe. Musimpeleke usiku. Mumpeleke asubuhi, awepo mzazi, awepo imamu au pasta, na mkiweza awepo mtu wa HAKI Africa au MUHURI, mashirika ya haki za binadamu, wote wako hapa Mombasa na wamezoea. Mkifika mhakikishe ameandikishwa kwa OB (kitabu cha matukio cha kituo), mpewe namba, muiandike na saa na jina la aliyeandika. Katiba yasema mtu aliyeshikwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya korti kama ni wikendi, basi hiyo siku muwepo kortini, mukae pale benchi. Akiguswa vibaya, IPOA, mamlaka huru ya kuchunguza polisi, ndo mahali pa kulalamika na ile namba ya OB ndo itawasaidia. Na umri usemwe mapema, manake hawa vijana wengine warefu lakini ni watoto. Kwa Sheria ya Watoto ya 2022, mtoto wa chini ya miaka 12 hashtakiwi kwa jinai kabisa, na hao wakubwa zaidi chini ya 18 wana utaratibu wao, kesi nyengine zaweza kumalizwa bila hukumu. Beba cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, usiseme tu "huyu ni mdogo."

Mgawanyo huo usomeni mbele ya OCS. Asomewe akiwepo, aseme anakubali nini na hakubali nini. Wengine watawaambia huko ni kumfundisha afisa kazi. Sikubaliani. OCS mzuri hupenda kujua atapigiwa simu kwa jambo gani, na akihamishwa (watahamishwa, zoeeni) muanze upya na mwenziwe, musidhani aliyeondoka kamwambia.

Hatua ya 5: Simu na uvumi

Napendelea kupiga kuliko kuandika. Maandishi hukaa, huzunguka, hubadilishwa. Grupu iwe ya kutangaza mikutano na misiba tu. Ikija habari, swali ni moja: umeona au umeambiwa? Akiambiwa, nani kamwambia, mfuate huyo. Mara nyingi "wanakuja hamsini na mapanga" ukiifuata kwa simu tatu yaishia kwa mtu aliyesikia kelele za mechi.

Hatua ya 6: Usiku wa kwanza baada ya mtu kukatwa

Kisasi hakingojei wiki. Kijana akipelekwa Makadara, pale Hospitali Kuu ya Pwani, wenzake hukusanyika nje wakitafuna mugoka na hasira yapanda, na hapo ndo mpango hupangwa. Tuma watu wawili huko haraka, yule kijana wenu aliyetoka kwa makundi na mtu mzima wanayemheshimu. Wasihubiri. Wanunue chai, wakae nao, waulizie mgonjwa, wajue nani ndo mwenye kusukuma wengine. Wawili wengine waende kwa familia ya upande wa pili, watoto wa huko wasitoke usiku huo. Marekani kuna daktari, Gary Slutkin, aliyekuwa akipambana na maradhi ya kuambukiza huku Afrika, akaanzisha Chicago mwaka 2000 mradi wa kutumia watu waliotoka kwa hizo hizo mitaa kukatiza kisasi kabla hakijafika. Sisi hatukumuiga, wazee wa huku walikuwa wakisuluhisha hivyo zamani, lakini ukikutana na mfadhili mbishi mtajie Chicago atakusikiza.

Ugomvi wenyewe ukichimba ni kitu kidogo: simu, msichana, penalti, video ya TikTok ya kutusi maskani fulani. Suluhisheni hicho kidogo. Simu irudishwe. Video ifutwe mbele yenu.

Hatua ya 7: Kalenda

Likizo za Aprili, Agosti na Disemba, sikukuu za Idi watu wakijaa ufuo wa Pirates, disko matanga (muziki wa usiku msibani), na miezi ya kampeni. Wiki moja kabla ya kila moja, kamati ikutane. Kwa matanga nendeni kwa wafiwa mapema kwa adabu, muziki uzimwe saa mliyokubaliana, musingoje saa sita mukazime spika.

Hatua ya 8: Anayetaka kutoka

Akija, usianze na semina. Uliza kitambulisho anacho? Hana, huyo mpeleke kwa chifu kesho. Ana unga (heroini) mwilini? Kuna kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, hapo Kisauni, na mtu wa Reachout, shirika la kusaidia waraibu, atawaonyesha njia. Kazi aweza kuitiwa lakini akadaiwa hati ya tabia njema, ambayo kwa eCitizen ni shilingi 1,050, na kijana aliyetoka maskani hana hizo, kwa hivyo michango yenu ya kwanza iende hapo kabla ya mabango na tishati. Pesa yenyewe ilipwe moja kwa moja kwa eCitizen, asipewe mkononi, na mmoja wenu aende naye siku ya alama za vidole.