Jinsi ya kufunga vihisi vya mtetemo kwenye beringi ya turbini

Shafti ya turbini kubwa ya mvuke, kama zile za Olkaria nchini Kenya zinazotumia mvuke wa ardhini, huzunguka ndani ya beringi zisizo na gololi, ikielea juu ya utando mwembamba wa mafuta. Utando huo humeza sehemu ya mtetemo, hivyo ukishika mashine kwa nje utadhani imetulia kumbe shafti inacheza. Kwa sababu hiyo tunafunga vihisi vya ukaribu, vinavyoitazama shafti yenyewe bila kuigusa.

Hapa nazungumzia kihisi cha kawaida chenye ncha ya milimita 8, kinachotumia umeme wa volti −24 na kutoa volti 7.87 kwa kila milimita ya nafasi kati ya ncha na shafti.

Hatua ya 1. Mashine iwe imesimama na swichi yake imefungwa kwa kufuli.

Hatua ya 2. Linganisha vipande. Kihisi, waya wa kuongezea na kisanduku cha ishara ni seti moja. Kihisi chenye waya wa mita 1 na waya wa kuongezea wa mita 4 vinadai kisanduku kilichopimiwa jumla ya mita 5. Ukiweka cha mita 9 kitasoma, lakini kila namba itakuwa ya uongo.

Hatua ya 3. Kagua shafti pale ncha itakapoelekea. Mkwaruzo, kutu, hata usumaku uliobaki kwenye chuma, vyote husomeka kama mtetemo.

Hatua ya 4. Funga vihisi viwili kwa kila beringi, vikipishana nyuzi 90: Y kushoto na X kulia, kila kimoja nyuzi 45 kutoka wima, ukitazama kutoka upande wa mashine inayoendesha, yaani turbini.

Hatua ya 5. Weka nafasi kati ya ncha na shafti. Hapa usiwe na haraka. Unganisha multimita kwenye kisanduku, kisha zungusha kihisi kuingia, waya wake ukizunguka pamoja nacho ili usijisokote. Lengo ni takriban volti −10.

Kuna mtego. Ncha ikiwa bado ndani ya tundu ambamo kihisi hupitia, inauona ukuta wa chuma, na inapotoka inaweza kupita kwenye −10 hiyohiyo kabla haijaikaribia shafti. Fundi akisimama hapo, amefunga kihisi kinachotazama tundu. Thibitisha hivi: ingiza robo mzunguko zaidi. Kwa uzi wa M10×1, unaosogea milimita 1 kwa kila mzunguko, hiyo ni robo milimita, kwa hiyo volti (bila kujali alama ya kutoa) ishuke kama 2, mfano kutoka −12 hadi −10. Ikipanda, au isiposogea, bado hujafika.

Kaza nati, kisha soma tena. Kukaza mara nyingi husogeza kihisi.

Hatua ya 6. Funika kiungio cha waya kwa kinga yake au utepe wa tefloni, kisiguse chuma cha mashine. Utepe wa kawaida wa umeme mafuta huuyeyusha ukawa gundi. Kwenye mvuke wa ardhini jali zaidi, maana gesi ya salfidi hidrojeni hula shaba na fedha.

Hatua ya 7. Andika volti ya kila kihisi mashine ikiwa imesimama, halafu ikiwa imepata joto la kazi. Shafti huinuka juu ya mafuta inapozunguka, kwa hiyo namba hizo mbili hazitalingana. Baadaye, volti ya kazi ikianza kuhama polepole huku mtetemo haujaongezeka, fungua ukague beringi: huenda inalika.