Pushkar kwa siku mbili: ziwa, hekalu la Brahma na mji usiouza hata yai

Pushkar ni mji mdogo wa jimbo la Rajasthan, India, uliojengwa kuzunguka ziwa lenye maghati 52, yaani ngazi za kuteremkia majini. Kwa Wahindu ni mji wa Brahma, mungu wao wa uumbaji, na kwa sababu hiyo hakuuzwi nyama, samaki, mayai wala pombe. Mwanafunzi aliyeko Delhi au Jaipur, au mfanyakazi wa Muscat na Dubai mwenye likizo fupi, siku mbili na usiku mmoja zinamtosha. Miezi mizuri ni Novemba hadi Februari, ila beba sweta, usiku ni baridi kweli. Wiki ya maonyesho ya ngamia, Oktoba au Novemba kulingana na mwandamo wa mwezi, bei za vyumba hupanda mara kadhaa. Aliyekuja kutafuta utulivu aiepuke.

Makaratasi kwanza. Viza ya kielektroniki huombwa kwenye tovuti ya serikali ya India, ile inayoishia na gov.in. Zingine zinazofanana nayo ni za madalali. Kinachokwamisha watu wetu zaidi ni homa ya manjano, kwa kuwa India haitazami tu unakoishi, inatazama pia ulikopita siku sita zilizotangulia. Una ukaazi wa Dubai, sawa, lakini kama Jumatatu ulikuwa Nairobi au Kampala na Alhamisi unatua Delhi bila kadi ya njano, unaweza kuwekwa karantini hadi siku hizo zitimie. Na chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo sindano ya dakika za mwisho haisaidii kitu.

Kwa treni, shukia Ajmer. Kutoka Delhi ni kama saa sita au saba kwa treni za haraka, na tiketi hufunguliwa siku 60 kabla. Tiketi ikiandikwa WL bado uko kwenye foleni, huna kiti, hata kama pesa imeshakatwa. Kutoka Ajmer hadi Pushkar ni kilomita 14 hivi kwa basi au bajaji, barabara ikipanda na kushuka mlima wa Nag Pahar. Ukitua uwanja wa Jaipur, hesabu saa tatu za gari.

Kabla ya kulipia chumba, uliza swali moja: mnapokea wageni wa nje? Kisheria mwenye nyumba lazima amsajili mgeni kwa fomu iitwayo Form C ndani ya saa 24, na nyumba ndogo nyingi hazitaki usumbufu huo. Watu hufika usiku na risiti mkononi wakarudishwa mlangoni. Tembea na nakala za pasipoti na viza, mbili mbili, pamoja na noti ndogo za rupia. Vibandani watu hulipa kwa kuskani simu, na mfumo wao kwa kawaida unataka akaunti ya benki ya India.

Ziwani, viatu huvuliwa kabla ya kufika majini, na hairuhusiwi kupiga picha watu wanaooga. Hapo ndipo utakapokutana na ua. Mtu anakutilia waridi kiganjani, anasema ni bure, lirushe tu majini. Ukilipokea, unaongozwa hadi kwa kuhani, unakalishwa, unapakwa rangi kwenye paji la uso, unarudia maneno usiyoyajua, kisha unaulizwa majina ya ndugu zako. Usitaje ukoo mzima! Sadaka huhesabiwa kwa kila jina, na sisi tukianza na mashangazi na wajomba hatumalizi leo. Ibada yenyewe ni ya kweli na ina uzuri wake. Ukiitaka, taja kiasi kabla ya kukaa, mkubaliane, na usiongeze. Mwishoni hufungwa uzi mwekundu mkononi, na ukishauvaa wengine hawakusumbui sana. Usipotaka, usilipokee ua, pita.

Hekalu la Brahma hufungwa kwa muda mchana, kwa hiyo nenda asubuhi, na begi uliache hotelini. Jioni kaa ngazini jua likizama, usikilize kengele za ibada ya taa. Haina kiingilio.

Sasa chakula. Kachori ya hapa si ile ya viazi ya Zanzibar na Mombasa. Ni duara la unga wa ngano lililojazwa dengu na viungo, likakaangwa hadi likavimba. Huvunjwa kwa kidole na kumwagiwa kadhi, mchuzi wa mtindi, unga wa dengu na manjano. Kile kiungo kinachonukia kama kitunguu saumu, wakati kitunguu saumu hakimo, ni mvuje. Kwetu bibi huufukiza kumkinga mtoto, hapa huungia mchuzi, kwani jikoni nyingi za mahujaji hazigusi vitunguu vya aina yoyote.

Dali baati churma, yaani mchuzi wa dengu, madonge ya ngano na ngano tamu iliyopondwa, huwashinda wageni kwa kosa moja: wanaitafuna baati kama andazi. Ni donge gumu lililookwa kwenye makaa na kuchovywa kwenye samli. Lipondeponde, mwagia dali, subiri dakika moja linywe, ndipo ule. Mawili yanatosha mtu mzima. Malpua, chapati nene za kukaanga zilizolowa shira, anza na moja. Tumbo likiharibika huku, mara nyingi wa kulaumiwa ni barafu, chatine ya maji maji au samli iliyozidi.

Lasi ya kawaida ni mtindi na sukari. Ikiitwa “special”, ina bangi, na jina letu linatokana na hiyo hiyo bhang. Anayerudi kazini Ghuba asiiguse, maana vipimo vya mkojo havijui kwamba ulikuwa hija.

Mwislamu ana sababu nyingine ya kulala eneo hili. Ajmer kuna kaburi la Khwaja Moinuddin Chishti, walii wa Kisufi aliyefariki mwaka 1236, na uani kuna masufuria mawili, kubwa la mfalme Akbar na dogo la mwanawe Jahangir. Kubwa hupika hadi kilo 4,800 za wali mtamu wa samli, sukari na njugu, bila nyama, kisha hugawiwa watu. Huko nako utaombwa sadaka kwa msisitizo, basi kanuni ni ile ile ya ziwani.

Zawadi ya kubeba ni gulkand, jamu ya maua ya waridi, kwani mashamba yake yako pale pale. Anayerudi Dubai akague kila pakiti ya viungo na peremende: mbegu za mpopi, khus khus kwa jina la sokoni, ni marufuku kuingizwa Falme za Kiarabu hata kijiko kimoja.