Namna ya Kumlinda Ningu Anapopanda Mtoni Kutaga

Anayetaka kumlinda ningu sharti aanze kwa kuufahamu msafara wake. Samaki huyu huishi sehemu kubwa ya maisha yake katika Ziwa Viktoria, lakini mvua zinaponyesha, kuanzia Machi hadi Mei na tena kuanzia Oktoba hadi Desemba, hupanda mtoni kwa makundi akitafuta nyasi za kingoni zilizofunikwa na mafuriko, na humo ndimo anamotaga. Vifaranga hukulia katika maji hayo matulivu, kisha hushuka ziwani mafuriko yanapopungua. Nchini Uganda, mito ya kuangaliwa zaidi ni Kagera, unaoingia ziwani karibu na mwalo (mahali wavuvi wanapopakulia samaki) wa Kasensero, na Sio, ulio mpakani na Kenya upande wa Busia.

Ningu alimalizwa njiani. Nyavu za makila, zinazomnasa samaki kwenye mashavu, zililetwa katika ziwa hili mwaka 1905, na zilipozoeleka, wavuvi walizitega kwenye midomo ya mito na kuwanasa majike waliojaa mayai kabla hawajataga. Kufikia miaka ya 1950 uvuvi wake, uliokuwa ukilisha jamii nyingi za kando ya mito, ulikuwa umeporomoka, hata kabla ya mbuta (sangara) kutawala ziwa. Leo yumo katika orodha ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira, ya viumbe walio hatarini mno kutoweka.

Kwanza, mfundishe kila mvuvi kumtambua. Ningu hufikia urefu wa takribani sentimita 40. Mdomo wake uko upande wa chini, chini ya pua iliyojitokeza mbele, nao una midomo minene yenye nyama ambayo huitumia kukwangua mwani na masalia ya mimea kwenye mawe na tope. Kisinja, samaki mwingine anayechanganywa naye mara kwa mara, ana magamba makubwa zaidi na hukua kuliko yeye.

Pili, na kwa maoni yangu hili lina uzito kuliko mengine yote, kamati ya mwalo ikubaliane kwamba mto unapoanza kujaa hakuna wavu wala uzio wa mitego utakaokingama mdomo wa mto kutoka ukingo hadi ukingo. Makubaliano hayo yafanywe mvua zikiwa bado mbali, kwa sababu samaki akishaonekana kwa wingi, ni vigumu mno kumwambia mwenye njaa asitege. Kwa kuwa Sio ni wa nchi mbili, wavuvi wa ng'ambo nao washirikishwe. Ulinzi wa ukingo mmoja hauzuii wavu wa ukingo wa pili.

Jike akinaswa kwa bahati mbaya, lowanisheni mikono yenu kwanza, mshikeni akiwa bado majini, wala msimbane tumbo, kwani mayai yaliyoiva hutoka kwa mguso mdogo tu na kupotea. Ikibidi, kateni uzi wa wavu, kisha mwelekezeni kichwa upande maji yanakotoka hadi aondoke mwenyewe.

Wakulima nao wana sehemu yao. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinataka mita 100 zihifadhiwe kandokando ya mito mikubwa kama Nile na Kagera, na mita 30 kwa mito midogo. Pale ambapo ukingo umekwisha kulimwa, anzeni kuacha nyasi na mafunjo yarudi katika mabonde yanayofurika, kwa kuwa mayai yakifunikwa na udongo uliomomonyoka shambani hufa kwa kukosa hewa.

Kupandikiza vifaranga kuje mwisho. Watafiti walichapisha mwaka 2004 njia ya kumtagisha ningu akiwa amefugwa, kwa hiyo jambo hilo linawezekana. Hata hivyo wasilianeni kwanza na afisa uvuvi wa wilaya, na wazazi wa vifaranga hao watoke katika mto uleule watakamorudishwa.