Kabla ya Kutia Chochote Sikioni

Sikio likianza kuwasha, kuziba au kutoa usaha, mkono wa kwanza kulifikia ni wa mtu wa nyumbani, na mara nyingi mkono huo haufiki mtupu: una kijiti cha pamba, unyoya wa kuku, au kijiko cha mafuta yaliyopashwa moto jikoni. Yasome haya kabla hujaupokea msaada huo, na kabla hujautoa kwa mwingine.

Vijiti vya pamba viache. Nta si uchafu. Ngozi ya tundu la sikio hukua ikielekea nje na kuitoa nta yenyewe, ilhali kijiti huirudisha ndani na kuishindilia.

Sikio linalotoa usaha lisitiwe dawa yoyote kabla ya mhudumu wa afya kulichungulia kwa kifaa chenye taa, kwa kuwa huenda kiwambo chake, ile ngozi nyembamba iliyo ndani ya tundu la sikio, kimetoboka, na baadhi ya dawa za matone, hasa zenye jentamaisini au neomaisini, zikipita kwenye tundu hilo zinaweza kudhuru sikio la ndani. Unachoruhusiwa kufanya nyumbani ni kulikausha kwa kitambaa laini na safi kilichosokotwa, mara tatu kwa siku au zaidi, na kulikinga na maji. Usaha uliodumu siku 14 umekwisha kuwa ugonjwa sugu, na usikubali kuambiwa kwamba mtoto anaota meno. Ukiona uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mtoto akijitia punje ya haragwe, usimwagie maji, kwani itavimba na kukwama. Ile betri ndogo ya duara, ya saa au ya vitu vya kuchezea, haingoji kupambazuke: ikiwa puani au sikioni huunguza nyama kwa muda wa saa chache, na kimiminika chochote utakachoongeza kitazidisha madhara.

Sasa nifike kwenye jambo ninalotaka ulishike kuliko yote. Kabla ya kuamini kwamba sikio lililoziba lina nta, hakikisha kwamba bado linasikia.

Alfajiri moja niliamka nikiwa nimelalia sikio la kulia, na adhana ya msikiti ulio nyuma ya nyumba yetu nikaisikia kama inatoka kijiji cha pili. Nilipoinua kichwa ikarudi kwa ukamilifu wake. Sikuhisi maumivu yoyote, ila sikio la kushoto lilikuwa limejaa mlio mwembamba kama wa nyenje. Dada yangu alisema ni nta, nami nikakubali, akanitia mafuta ya nazi kwa siku tatu. Duka la dawa likaniuzia matone ya kulainisha nta, nikayatumia siku tano. Baadaye nilikwenda kwenye kituo cha afya, sikio likaoshwa kwa bomba la maji, kikatoka kipande kidogo cha nta ambacho kilituridhisha sote, nikarudi nyumbani kungoja. Siku ya 24 ndipo nilipofika mbele ya daktari wa masikio, pua na koo. Aligonga uma wa chuma wa kupimia usikivu, akausimamisha katikati ya paji la uso wangu, akauliza nausikia upande gani. Nilijibu kwamba nausikia kulia, upande ulio mzima. Akanyamaza kidogo, kisha akanieleza kwamba kama ingekuwa nta, sauti ingeelemea upande ulioziba. Ikielemea upande mzima, tatizo liko sikio la ndani au kwenye mshipa wake wa fahamu. Kipimo cha usikivu kilithibitisha hayo. Matibabu yake ni dawa za steroidi, zinazotuliza uvimbe wa ndani, na zina nafasi nzuri zaidi zikianza mapema, hasa ndani ya wiki mbili za kwanza, wiki ambazo mimi nilizimaliza kwa mafuta ya nazi. Nilipewa vidonge hata hivyo, lakini sikio halikurudi, na hadi leo honi ya bodaboda ninaisikia bila kujua inatokea upande gani.

Kwa hiyo funga mdomo na uvumishe sauti, mmm, kwa muda kidogo. Ukiisikia zaidi upande ulioziba, huenda ni nta au majimaji. Ukiisikia zaidi upande mzima, ondoka siku hiyo hiyo. Jaribio hili halichukui nafasi ya kipimo cha hospitali, na hata likikupa jibu la kwanza, usikivu uliopotea ghafla unahitaji kupimwa. Ukifika mapokezi usiseme sikio limeziba, sema limeacha kusikia ghafla, kwa sababu ukisema limeziba utaelekezwa kwenye kuoshwa. Chukua orodha ya dawa unazotumia au ulizotumia karibuni, ukianza na sindano za kifua kikuu, kwinini na aspirini, maana zote zinaweza kugusa usikivu. Omba nakala ya kipimo uihifadhi. Mtoto aliyepona homa ya uti wa mgongo au matubwitubwi naye apimwe, hata kama halalamiki.

Na mengine yako jirani na hayo. Damu ikitoka puani, inama mbele na ubane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15, usiinue kichwa juu. Sauti iliyokauka kwa zaidi ya wiki tatu imwone daktari. Usikae karibu na spika za harusi usiku kucha. Kimeo cha mtoto kisikatwe na mtu wa mtaani kwa sababu ya kikohozi, kwani watoto wamevuja damu hadi kufa kwa kukatwa kimeo, na kikohozi chenyewe kina sababu yake kifuani, puani au kooni, inayohitaji kutafutwa.