Michezo ya kuchekesha kwenye gulio la Krismasi parokiani

Watu huja gulioni kununua keki, vitenge na kuku wa sikukuu, lakini hubaki hadi jioni kwa sababu ya michezo, na wakibaki ndipo mishkaki na soda zinapokwisha. Michezo iwe na kamati yake. Ikiachiwa vijana asubuhi ile ile, saa nzima hupotea kutafuta kamba.

Dar es Salaam mwezi Desemba joto hufika nyuzi 31 na hewa ni nzito. Anzeni baada ya misa ya pili, msimame saa sita kwa chakula, mrudi uwanjani saa tisa na nusu.

Unaochekesha kuliko yote ni mchezo wa andazi la kuning'inia. Simikeni nguzo mbili, mita 5 kati yake, mfunge kamba kwenye kimo cha mita 2 na kidogo. Msiikaze. Ikilegea, mmoja aking'ata andazi, kamba yote hutikisika na maandazi ya wenzake yanaruka, hapo ndipo uwanja unapolipuka kwa kicheko; kamba iliyokazwa humpa kila mtu andazi lililotulia na mchezo unapoa. Washindani 5 wanatosha, mikono imefungwa nyuma kwa kanga. Maandazi yapikwe jana yake, maana ya moto hupasuka na kudondoka. Zungusheni uzi kwa mkato wa msalaba kama mnafunga kifurushi, bila kijiti wala pini, kisha kila uzi upimwe ufike mdomoni mwa mshindani wake. Toeni nusu andazi, si zima: kula huku ukicheka hupalia. Maji yawe karibu, na watoto wadogo wasicheze huu.

Kwa mbio za magunia tafuteni magunia ya katani. Salfeti, yaani magunia ya plastiki, huteleza kwenye nyasi. Mdomo wa gunia uishie kiunoni. Likifika kifuani mtu hulikanyaga kwa ndani na kuanguka kabla ya mita 3. Wakubwa wakimbie mita 25, watoto 15, kwenye nyasi zilizookotwa mawe. Akina mama waambiwe mapema wavae suruali au bukta ndani ya gauni.

Mbio za yai na kijiko zitumie ndimu. Yai bichi ni hasara, na likipasuka huacha utelezi.

Kukimbiza kuku acheni kabisa: mbio na jua vinaweza kumuua. Awekwe kivulini, awe zawadi.

Baba Krismasi asivae sufu. Mshoneeni joho jepesi la pamba, na ndevu zishikizwe kwenye kitambaa chenye lastiki, kwani gundi huachia kwa jasho na ndevu zikaning'inia sikio moja mbele ya watoto. Asikaribie jiko la mishkaki, pamba hushika moto upesi. Kila dakika 20 avue, anywe maji.

Malizieni na kuvuta kamba, 8 kwa 8, WAWATA (akina mama Wakatoliki) dhidi ya UWAKA (akina baba Wakatoliki). Kamba iwe nene ya katani, mita 30, na kitambaa chekundu katikati. Ya nailoni hunyumbuka, na ikikatika hurudi kwa nguvu na kujeruhi. Mtu asijiviringishie kamba mkononi wala kiunoni. Zawadi zitolewe hapo hapo, wanakwaya wakiwa bado na sauti.